Mkwamo: maana na matumizi yake

Ndugu, umeuliza kama "mkwamo" ni sawa na "mgogoro". Kwa maoni yangu maneno haya hukaribiana bila kulingana. Mkwamo, ambao wingi wake ni mikwamo, ni nomino iliyotokana na kitenzi "kwama", yaani kunasa mahali na kushindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma, kama gurudumu lililozama katika tope au mfupa uliokaa kooni. Kutokana na maana hiyo, tunasema mazungumzo yamefikia mkwamo pale ambapo kila upande umeshikilia msimamo wake na hakuna uamuzi unaoweza kupatikana, hata kama wahusika wanaheshimiana na hawajagombana. Mgogoro ni ule uhasama au mvutano wenyewe; unaweza kuendelea kwa miaka huku mazungumzo ya kuutatua yakisonga vizuri.

Katika maongezi ya kila siku, hata hivyo, wengi hupendelea kitenzi: "mambo yamekwama". Anayesababisha hali hiyo hukwamisha, na anayeiondoa hukwamua. Ndiyo maana husemwa "kuukwamua mkwamo", ingawa binafsi naona "kuuondoa" hupendeza zaidi masikioni.