Anza na Uwani Kabla ya Kuchora Vyumba

Nyumba za kwanza nilizochora kwa ajili ya kikundi cha kuweka na kukopa, pembezoni mwa Dar es Salaam, zilikuwa na jiko la ndani lenye dirisha dogo, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Haukupita mwezi, akina mama wakawa wamehamishia majiko ya mkaa nje, kwani maharage hayachemshwi kwa saa mbili katika chumba kisichopitisha hewa, na jiko langu likageuka stoo ya madumu ya maji.

Tangu hapo huanza na uwani. Nyumba ya Kiswahili tunayoidharau, yenye korido katikati, vyumba pande zote mbili, uwani nyuma na baraza mbele, imebeba uchumi wa familia nyingi: mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili, hupangisha vilivyobaki, na barazani huuza vitumbua au mkaa. Ukichora nyumba ambayo mpangaji hawezi kuingia bila kupita sebuleni kwa mwenye nyumba, umemnyima kodi ambayo ingemsaidia kulipa mkopo.

Fedha kidogo iliyopo itumike kwanza katika mambo ambayo ni vigumu kuyarekebisha baadaye, yaani msingi imara, choo, mitaro na njia ambazo gari la kunyonya maji taka litapita. Plasta, dari na vigae vinaweza kusubiri hata miaka kumi. Sinza, eneo la Dar es Salaam, ilianza hivyo katika mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: wananchi walipewa viwanja vilivyopimwa, kisha kila mmoja akajenga kadiri mfuko wake ulivyoruhusu. (Kwamba Sinza ya leo ni ghali kwa mtu wa kipato cha chini ni jambo linalostahili makala yake.)

Usiwaulize watu wanataka nyumba ya namna gani, kwa maana watakueleza nyumba ya tajiri waliyoiona. Waulize jana walifanya nini tangu alfajiri hadi walipolala, kisha chora ramani kwa chokaa ardhini, kwa vipimo halisi, nao waitembee. Tulipofanya hivyo, mama mmoja alijilaza chini mahali ambapo kitanda chake kingekaa, akaniomba nifungue mlango. Ungemgonga miguuni, tukausogeza sentimita 40.