Kabla hujaanza kugawanya namba kubwa, angalia kwanza imeumbwaje

Nafundisha tyusheni ya hesabu hapa Mwanga, Kigoma, na kila mwaka namkuta kijana anafanya kilekile nilichofanya mimi nikiwa kidato cha tatu, kapewa namba ndefu aseme ni tasa (haigawanyiki kamili ila kwa 1 na yenyewe) au siyo, basi anaanza 3, 7, 11, 13, anagawanya weee mpaka mkono unauma, akichoka anaandika "ni tasa" anafunga daftari.

Yangu ilikuwa 4,294,967,297. Kaka ndo alinipa. Umeme umekatika, nikawasha kibatari, nikajaza kurasa za kaunta buku mpaka nikafika 127, nikamwambia kaka hii ni tasa. Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikakosa jibu.

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba hiyo ni kama 65,536, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Utazijaribu zote lini jamani?

Ndo maana nasema angalia namba imetokana na nini. Hii ni 2 kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwaka 1640 Fermat wa Ufaransa, gwiji kabisa wa hesabu, aliamini ni tasa, mpaka 1732 Euler, gwiji mwingine wa hesabu kutoka Uswisi, akaonyesha kwamba 641 inaigawanya. Na Euler huyohuyo ndiye aliyethibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawanya kwa 64 lazima kibaki 1. Kwa hiyo unaandika 65, 129, 193 unaenda hivyohivyo ukiongeza 64, unafuta zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu umeshaipata! Ni kama mtu anayekwenda Mwamgongo, kijiji cha huku ziwani, humtafuti stendi ya mabasi, unashuka Kibirizi kwenye boti.

Halafu kwenye kugawanya kwenyewe usibebe namba nzima, hapo ndo wengi wanakosea. Beba baki tu. 2 kipeo cha 16 ni 65,536, ukigawanya kwa 641 inaingia mara 102, baki 154. Sasa 2 kipeo cha 32 si ni 65,536 mara yenyewe? Basi zidisha baki kwa baki, 154 × 154 = 23,716, ongeza ile 1 inakuwa 23,717, na hiyo ni 641 × 37 kamili. Mistari mitatu hiyo, mimi kurasa nzima za kaunta buku zilinishinda.

Jibu la kugawanya namba ile kubwa kwa 641 ni 6,700,417. Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, mwalimu, na hii je? Nikamwambia kipeuo chake hakifiki 2,589, na kigawo chake chochote ni kigawo cha ile kubwa pia, kwa hiyo endelea na orodha ileile kuanzia 641 yenyewe. Akaja nayo asubuhi, 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601, 2113, pembeni ya kila moja kaandika baki lake, hakuna hata moja yenye sifuri, na chini kabisa kaandika "tasa" na sababu yake.