Jeki ya Gari, Pakiti ya Juisi na Magadi

Wengi wanaotaka kuanza kuchapa picha za sanaa kwa mkono nyumbani hapa Kisumu huulizia mashine ya kukandamiza kwanza. Ushauri wangu: anza na bamba, yaani kipande unachochora picha na kukipaka wino, kwa maana bamba ndilo litakalokuambia unahitaji nguvu kiasi gani.

Ukichonga lino (zulia laini la linoleamu) au mbao, wino hukaa juu, pale ambapo kisu hakikupita. Mgongo wa kijiko unatosha. Mkono ukichoka, mwombe fundi wa jua kali akuchomelee fremu ya chuma, uweke jeki ya gari katikati. Ila piga hesabu kabla ya kumlipa. Karatasi ya A4 ina eneo la karibu sentimita 624 za mraba, kwa hiyo jeki ya tani 2 itatoa kilo 3 na ushee tu kwa kila sentimita ya mraba. Chapa ya sentimita 10 kwa 15 itapata zaidi ya kilo 13. Jeki ndogo, kazi ndogo.

Bamba la mistari ya kukwaruzwa kwa sindano ni habari nyingine. Wino umejificha ndani ya mikwaruzo, na karatasi lazima iwe na unyevu na isukumwe humo. Hapo unataka rola, kwa kuwa nguvu yote huangukia kwenye ukanda mwembamba. Mjerumani Martin Schneider ametoa bure mtandaoni michoro ya Open Press, kirola kinachotengenezwa kwa printa ya 3D. Kinaingia kwenye begi, unapanda nacho matatu mpaka Nakuru. Kitambaa cha kuweka juu ya karatasi? Koti la sufu la mitumba, soko la Kibuye.

Bamba ninalolipenda ni pakiti ya juisi yenye foili ndani. Ifungue, ioshe, kwaruza kwa sindano upande wa foili. Unapotaka weusi mzito, kata na umenye foili. Karatasi ya chini itakunywa wino. Haidumu, huchoka baada ya chapa chache, lakini ni ya bure.

Wakati wa kusafisha, thina na mafuta taa viache. Wino wa mafuta hutoka kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni ya vyombo.

Anayetaka kemikali ile mistari kwenye bamba la metali bila asidi ya nitriki na moshi wake wa kahawia, mrututu wa agroveti (salfeti ya shaba, ile ya buluu) ukiyeyushwa majini pamoja na chumvi hula alumini vizuri. Vaa glavu, fungua madirisha, na jiko liwe mbali: mchanganyiko huchemka na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Usidanganywe na wanaouita salama kabisa, maana mrututu huua samaki, na mitaro yetu inaelekea ziwani. Ukimaliza, tia magadi kidogo kidogo kwenye ndoo kubwa, kwa sababu yatatoa povu jingi, mpaka maji yapoteze ubuluu na tope lizame. Tope hilo likaushe, lifunge kwenye kopo uliloliandika jina. Na magadi ya kazi hii yakae mbali na yale ya kupikia mboga.