Hatifungani, dhamana na kura

SWALI: Natafsiri habari ya San Francisco, Marekani. Mwaka 2018 wananchi walikubali kwa kura mji ukope dola milioni 425 za kuimarisha ukuta wa kuzuia bahari pale bandarini. Nimeandika "dhamana za umma zilizopigiwa kura ya maoni", mhariri kanirudishia. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kurasini)

JIBU: Kaonea kidogo, angalau angekueleza. "Dhamana" si kosa. Benki Kuu yenyewe husema dhamana za Serikali. Ila mtaani neno hilo limehamia mahakamani. Andika "Bandari yapata dhamana" uone kama abiria wa daladala ya Mbagala hatauliza ilikamatwa kwa kosa gani. Tumia "hatifungani", neno moja, ngeli ya I-ZI: hatifungani hii, hatifungani hizi. Ukiandikia Nairobi, "bondi" itaeleweka.

Wapo wanaodhani "-ni" ya mwisho ni ile ya nyumbani na sokoni. Sivyo. Shindana hutupa timu shindani, kinzana hutupa hoja kinzani, na fungana ndiyo imetupa fungani. Ni hati inayowafunga wawili: mkopaji kafungwa kulipa riba na kurudisha fedha, mkopeshaji kazifungia fedha zake humo mpaka hati iive, yaani muda wake wa kulipwa ufike. Naam, hatifungani huiva kama embe, ndivyo wasemavyo watu wa benki. Na anachopata mwenye hatifungani ni riba. Gawio ni la mwenye hisa.

Kwenye kura ndiko uliponiudhi zaidi. "Zilizopigiwa kura" haisemi matokeo. Hata pendekezo lililoanguka lilipigiwa kura. Sema "zilizoidhinishwa na wapigakura". "Kura ya maoni" nayo ni sahihi, Wazanzibari walipiga yao mwaka 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, lakini huku Bara ukiitaja tu watu wanafikiria wagombea wanaochujwa ndani ya chama. Iache.

Ongeza pia nusu sentensi ya kueleza kwa nini kura ilipigwa, maana msomaji wa hapa atashangaa. Gati namba 1 hadi 7 za bandari yetu ya Dar es Salaam zimeboreshwa kwa mradi uliopewa mkopo wa Benki ya Dunia, na hakuna aliyepanga foleni kituoni. Hatifungani ya maji ya Tanga ya mwaka 2024, Sh bilioni 53.12, nayo iliuzwa kwa wawekezaji bila kura. Kule San Francisco deni la namna hiyo hulipwa kwa kodi ya majengo, kodi ambayo sisi tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU, ndiyo maana mji hauwezi kukopa mpaka theluthi mbili ya wapigakura wakubali.

Kwa hiyo: "Mwaka 2018 wapigakura wa San Francisco waliidhinisha hatifungani za dola milioni 425, zitakazolipwa kwa kodi ya majengo, ili kuimarisha ukuta wa kuzuia bahari bandarini." Mpelekee mhariri hiyo.