Aseniki kwenye dripu, si sumu hiyo?

Pole sana, dada. Umeuliza kama wanachosema madaktari ni kweli: kwamba mdogo wako, mwenye saratani ya damu aina ya promielositi, atatibiwa kwa aseniki na vidonge vya ATRA vya jamii ya vitamini A. Ni kweli, na wala si majaribio ya kubahatisha.

Katika ugonjwa huu kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande, chembe changa za damu zikagoma kukomaa. ATRA huzilazimisha zikomae. Daktari Wang Zhenyi wa Shanghai, China, alianza kuitumia mwaka 1985, kwa mtoto aliyekuwa hoi, na mtoto akapona. Aseniki nayo ilitoka Harbin, huko huko China, kwa daktari Zhang Tingdong na wenzake, waliochambua dawa ya kienyeji miaka ya 1970. Kisha ukaja utafiti wa daktari Mwitaliano Francesco Lo-Coco, 2013, kwa wagonjwa wasio na hatari kubwa: baada ya miaka miwili, 97% ya waliopewa dawa hizo mbili walikuwa salama bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 86% waliopewa ATRA na kemo (dawa za kawaida za kuua saratani).

Mimi ningehofia zaidi kuvuja damu siku hizi za mwanzo. Ufizi ukitoka damu, kichwa kikimgonga ghafla, mwite nesi hapo hapo. Apimwe pia uzito kila asubuhi, kwa ajili ya madhara ya dawa zenyewe. Ukipanda haraka, au akipata homa na kuhema, daktari aambiwe. Na vitamini A ya duka la dawa msinunue, haifanyi kazi hiyo.