Fundi wa gari mtafute gari ikiwa nzima

Ombi ninalolipata kuliko yote kutoka kwa jamaa zangu hapa Unguja ni hili: "Nipe namba ya fundi mzuri." Na karibu kila mara linakuja kwa simu, saa mbaya, gari imeshalala Tunguu au Kitogani, boneti iko juu na mvuke unatoka. Siku kama hiyo huchagui fundi. Unamchukua yeyote atakayefika, huna muda wa kumpima, huna wa kumlinganisha naye, na yeye analijua hilo. Kwa hiyo nawaambia wote, khasa wale ambao gari yao imetoka bandarini Malindi juzi tu: fundi mtafute sasa, gari ikiwa nzima, na mpime kwa kazi ndogo.

Kazi ndogo ya kwanza ni kubadilisha oili. Simama pale, tazama. Usikae pembeni na simu.

Kwanza sikiliza kama anauliza injini gani. Gari nyingi za hapa ni Toyota ndogo, IST na Vitz, na injini zake zimetengenezewa oili nyepesi, mfano 5W-30. Wapo mafundi wanaong'ang'ania 20W-50, oili nzito, kwa hoja kwamba huku kwetu kuna joto. Hoja hiyo siikubali. Injini ikishapata moto wake inafanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, iwe Makunduchi au Tokyo. Thermostati, kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kulingana na joto, ipo kwa ajili hiyo. Oili nzito inachelewa kupanda juu unapowasha asubuhi, na hizi injini za VVT-i, zinazobadilisha muda wa kufunguka valvu, zina vijia vyembamba vya oili vinavyohitaji kufikiwa mapema.

Halafu tazama kipimo. Injini ya IST ya 1NZ haimalizi galoni ya lita 4, hata ukibadilisha na filta. Inachukua lita 3.7 hivi. Hapa ndipo unapomjua mtu. Yupo atakayemimina galoni yote mpaka tone la mwisho, na oili ikizidi nayo ni hasara. Yupo atakayeacha kidogo, kisha galoni ikapotea nyuma ya gereji. Na yupo atakayemimina, akasubiri, akavuta stiki, akaifuta, akaitia tena, akakuonyesha alama, kisha akakupa galoni yako na kile kilichobaki. Huyo wa tatu chukua namba yake, na usiifute.

Tazama na mikono. Nati ya kumwagia oili inaanzwa kwa vidole, ndipo inakazwa kwa spana. Anayeipachika na kuikaza kwa nguvu tangu mwanzo ataua meno ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na wewe utakuja kuona tone la oili sakafuni miezi baadaye bila kujua limetoka wapi. Fundi mzuri akimaliza huiwasha injini, huiacha iungurume kidogo, kisha huinama kutazama chini. Hili la kuinama nalipenda sana. Mtu anayekagua kazi yake mwenyewe hahitaji kusimamiwa siku nyengine.

Tatizo letu kubwa ni muhali. Fundi ni jirani, au ni mtoto wa shoga yake mama, au mnasali msikiti mmoja, basi unaona vibaya kumwambia "nionyeshe kilichotoka." Unalipa, unasema ahsante, unaondoka na wasiwasi. Mimi nimezoea kulisema mapema, kabla spana haijashikwa, kwa upole kabisa: "Fundi, kila utakachotoa nitaomba niondoke nacho." Ukilisema mwanzo ni mapatano. Ukilisema mwisho linageuka tuhuma, na hapo ndipo watu wanapokosana. Sijapata kuona fundi mkweli aliyekasirika kwa ombi hilo.

Sasa nije kwenye suala linaloharibu gari nyingi zaidi hapa, yaani kuchemsha.

Gari ya dada yangu ilikuwa inapandisha joto. Gereji ya kwanza aliyoipeleka, fundi alitazama kidogo tu, akasema gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na kifuniko chake cha juu) imeungua, injini lazima ifunguliwe. Alitaka fedha nyingi na nusu yake mkononi. Dada akanipigia, nikamwambia asiache gari. Tukaenda kwa fundi mmoja mtu mzima kule Fuoni ambaye huwa namtumia kwa kazi za oili na breki.

"Ami, nimeambiwa gasketi imeungua," dada akamwambia.

"Mwanangu, hilo tutalijua baadaye. Inachemsha ukiwa unakwenda au ukisimama?"

"Nikisimama. Nikikwama Darajani mshale unapanda, nikitoka nikashika njia ya Amani unashuka."

Yule mzee akatikisa kichwa, akawasha gari, akafungua ac. Feni ya rejeta kimya. Akachukua waya mbili kutoka kwenye betri, akaigusisha feni moja kwa moja, ikazunguka. Basi mota nzima. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa rilei ya feni, yaani swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye feni, akapachika ya pembeni yake inayofanana. Feni ikazunguka yenyewe. Ilikuwa rilei tu, kidude kinachoenea kwenye kiganja, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya kufungua injini.

Nilichokipenda si kwamba kazi ilitoka rahisi. Gasketi huungua kweli, na ikiungua dalili zake zipo: mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe usiokwisha, maji yanayopungua bila kuvuja, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilichokipenda ni kwamba aliuliza kabla ya kushika, na kila alichokifanya kilikuwa na jibu la ndiyo au hapana. Gari inayochemsha ikisimama na kupoa ikitembea inakwambia kuwa upepo wa njiani unafanya kazi ambayo feni haiifanyi. Fundi anayekuuliza "lini, wapi, ikiwa baridi au moto, ukipanda au ukishuka" anafikiri. Anayekwambia kifaa cha kubadilisha kabla hujamaliza kueleza anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha zako.

Kwenye huko kuchemsha kuna mawili ya kwetu. La kwanza ni maji. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, visima vingi vina maji ya chokaa, na upande wa mashariki, Paje, Jambiani, Michamvi, mengi yana chumvi. Maji hayo ukiyatia kwenye rejeta yanaacha ukoko ndani na yanakula chuma. Tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na kama ni ile ya kuchanganya, ichanganye na maji yaliyosafishwa, siyo ya bomba wala ya kisima. La pili ni ushauri wa kuitoa thermostati "kwa sababu huku hakuna baridi." Usikubali. Bila thermostati injini inachelewa kufika joto lake, kompyuta inadhani gari bado baridi, inazidisha petroli, na wewe unalaumu kituo cha mafuta.

Na ikichemsha njiani: simama, zima, usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani yako chini ya shinikizo na yamepita joto la kuchemka; ukifungua yanaruka usoni. Subiri mpaka rejeta ishikike kwa mkono.

Mafuta ya breki watu wa hapa karibu wote wanayasahau. Yananyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu kwetu haukosekani, iwe kaskazi au kusi. DOT 3, aina ya kawaida ya mafuta hayo, ikiwa mpya hustahimili nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140. Unguja tambarare huenda usilione hilo. Nenda Pemba, shuka vile vilima kati ya Chake na Mkoani ukiwa umepakia watu na mizigo, mguu juu ya breki muda wote, utalijua. Pedali inazama. Yabadilishe kila baada ya miaka 2, na ukishuka mteremko tumia gia ndogo.

Gia otomatiki nitazipitia haraka: Vitz nyingi za kuanzia 2005 zina gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, na CVT ina mafuta yake. Ikitiwa ATF, mafuta ya gia otomatiki ya kawaida, gia inakufa. Muulize fundi kabla ya kufungua chochote. Asiyejua tofauti hiyo, mshukuru uondoke.

Chumvi, kwa sisi tunaokaa pwani, inataka utaratibu wa kudumu. Gari ikipita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, au ikilala usiku kucha mbele ya bahari, ioshe chini kwa maji baridi yasiyo chumvi, siyo bodi tu. Vichwa vya betri, waya za ethi zinazofungwa kwenye bodi, pini za kalipa (kishikio cha pedi za breki) na kebo ya hendibreki ndivyo vinavyoanza kuliwa. Kwa fundi bodi kuwa mkali zaidi: kutu inakwanguliwa mpaka chuma kionekane, ndipo inapakwa dawa na rangi. Akipaka juu ya kutu, au akijaza puti, anaificha tu na inaendelea kula ndani. Ukienda kununua gari iliyotumika, chukua kisumaku kidogo mfukoni, upitishe chini ya milango na kwenye matao ya tairi. Pasiposhika pana puti.

Tairi pia zisome. Ubavuni kuna namba 4 za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno mazuri na mpira umeshapasuka kwa umri.

Kuhusu mashine za kompyuta za kusoma hitilafu za gari, zina faida, lakini namba inayotoka si hukumu. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, sensa ya hewa yenye uchafu, au pampu ya petroli iliyochoka. Fundi anayesoma namba na hapo hapo akakuandikia sensa mpya, mwombe akuonyeshe alichopima. Na kuchomoa betri ili taa ya injini izime si matengenezo. Taa itarudi, na huenda ikarudi ukiwa njiani Nungwi.

Spea nyingi zinatoka Dar kwa boti, na kwenda Pemba zinachukua muda zaidi. Hapo ndipo "nimeshaagiza" inapogeuka wiki tatu. Omba picha ya kifaa cha zamani pamoja na namba yake, omba risiti ya duka, na lipia spea mbali na ufundi. Ikiwezekana, nunua mwenyewe baada ya fundi kukuandikia. Lakini ufundi wenyewe ulipe vizuri. Tunabishana na fundi mpaka tunamwachia fedha ya maji tu, kisha tunashangaa anapotafuta faida yake ndani ya bei ya spea. Mtu aliyekaa juani nusu siku akakupatia ukweli amekuokolea zaidi ya unachompa.

Wala usimpime kwa umri wala kwa cheti. Nimeona vijana waliotoka vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe na Vitongoji, wanaopima kwa mita vizuri kuliko wakongwe, na nimeona wakongwe wasio na karatasi wanaosikia bushi (mpira wa maungio ya chini ya gari) iliyokufa kabla gari haijasimama. Ninayemwamini zaidi ni yule anayeweza kusema, "Hii si kazi yangu, mpelekee fundi umeme."

Na jambo moja kwa ajili yao, siyo kwa ajili ya gari zetu. Ukimwona fundi, au yule kijana anayejifunza, anaingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, mzuie. Matofali nayo yanapasuka. Ziwepo stendi za chuma za kushikilia gari, na tairi zilizobaki chini zizuiwe. Kama gereji haina stendi, changieni wateja mnunue; mimi na jamaa zangu tulifanya hivyo na hakuna aliyeona mzigo.

Mwisho, nunua daftari dogo likae kwenye dashibodi. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya oili na aliyefanya kazi. Gari ikitoka Japani mara nyingi kuna kibandiko cha oili kwenye ukingo wa mlango au chini ya boneti. Maandishi huenda usiyasome, lakini tarakimu utaziona. Anzia hapo. Kama hakuna, hesabu kwamba hakijafanyika kitu: oili, filta, kulanti na mafuta ya breki vyote vibadilishwe mwezi wa kwanza, kimoja kimoja, na kila kazi umpe fundi tofauti kati ya wale unaowafikiria.