Re: WhatsApp inaweza kugeuza kura za udiwani hapa Moshi?

Mkuu, umeuliza kama sauti zinazozunguka kwenye magrupu zinaweza kumhamisha mtu chama. Mara chache. Zinachogusa zaidi ni kwenda au kutokwenda kupiga kura. Marekani mwaka 2010, Facebook iliwawekea watu milioni 61 tangazo la uchaguzi. Waliosukumwa hasa ni walioona sura za marafiki zao waliokwisha kupiga.

Kwa hiyo sauti ya kuogopa ni ile ya saa 7 mchana: "Kituo kimefungwa, msijisumbue." Mama wa Kiboriloni asiye na bando haisikii kwenye simu yake, anaisikia kwa bodaboda aliyeifungulia spika kijiweni. Hapo hakuna wa kuuliza imetoka wapi. Jibu lake ni fupi: vituo hufungwa saa 10 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni muda huo hupiga kura.

Ujumbe ukishapita mikono mitano, WhatsApp huuwekea mishale miwili na kuruhusu kuusambaza kwenye grupu moja kwa wakati. Wajanja wanauchukua upya, wanaupandisha kama mpya, mishale inapotea. Usiitegemee sana hiyo alama.

Picha ya matokeo je? Ilinganishe na fomu iliyobandikwa kituoni: jina la kituo, jumla, sahihi za mawakala. Fomu hiyo ipige picha mapema na uihifadhi kwenye simu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, na waliotegemea kutuma papo hapo walikwama.